Njia ya 171, Safu ya 60: Bwaise Mbele ya Jicho la Angani

Katika daftari la Landsat, mpango wa Marekani wa kupiga picha za uso wa dunia kutoka angani, Bwaise, mtaa wa Kampala, haina jina. Imo ndani ya picha ya njia ya 171, safu ya 60: mraba mmoja wenye upana wa kilomita 185 unaobeba Kampala yote, Entebbe, kipande kikubwa cha Ziwa Victoria, na misitu na mashamba ya pembeni. Safu ya 60 ndiyo iliyolala juu ya ikweta. Anayeitafuta Bwaise humo huanza na bonde la Lubigi, mkanda wa kijani kilichokolea kaskazini-magharibi mwa jiji, kisha huufuata mkono wake mwembamba kuelekea mashariki mpaka pale kijani kinapokatika ghafla na mabati kuanza. Hapo ndipo.

Uganda ilirusha setilaiti yake ya kwanza Novemba 2022, na kwa shangwe za siku zile mtu angedhani kwamba nchi ndiyo kwanza inatazamwa kutoka juu. Kumbe Bwaise ilikuwa imeshapigwa picha kwa zaidi ya nusu karne, kwa ndege na kwa setilaiti, na wageni na wenyeji, kwa shughuli ambazo mara chache ziliwahusu watu wa Bwaise wenyewe.

Walioanza ni wenye ndege. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya kupima makoloni yake na kumkabidhi Martin Hotine, mwanajeshi mpima ardhi ambaye tangu 1931 alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya kupima ardhi kwa picha za ndege. Marubani wakapita juu ya Afrika Mashariki kwa mistari iliyonyooka, picha zikapandanishwa ukingo kwa ukingo, na ofisi ya ardhi na upimaji ya Entebbe ikapata karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000. Bonde kama Lubigi kwenye karatasi hizo ni alama za kinamasi tu, na mhandisi wa barabara alipoziona alijua pa kukwepa.

Bwaise ya wakati huo haikuwa Kampala. Mji wa wakoloni ulikuwa kwenye vilima vya Nakasero na Kololo. Upande wa pili palikuwa na Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na ardhi yake ilikuwa ya mailo, umiliki uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1968 ndipo Kawempe, na Bwaise ndani yake, zilipoingizwa. Watu walitangulia, sheria za mipangomiji zikafuata, na mitaro ikaja mwisho kabisa. Mpangilio huo wa mambo haujabadilika sana.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mpango ambao baadaye uliitwa Landsat. Siku kumi na mbili baadaye Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na ni wazi tukio gani kati ya hayo mawili linakumbukwa Kampala. Setilaiti ile ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Kila pikseli ya picha yake ilifunika mraba wa mita 80 hivi kwa 80. Sasa tuchukue muluka mmoja tu, yaani kipande kimoja cha kiutawala cha Bwaise: Bwaise III, wenye hekta 57 hivi. Kwa kamera ya 1972, muluka huo mzima, na vichochoro vyake, na mafunjo yaliyokuwa yamebaki, ulienea ndani ya pikseli zisizofika tisini. Mtu angeweza kuzihesabu kwa kalamu.

Jirani zetu walikuwa wamelikaribia anga kwa njia nyingine. Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza nyota kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Nairobi nako, mwaka 1975, kilianzishwa kituo cha kanda cha upimaji na ramani ambacho leo kinajulikana kwa kifupi cha RCMRD. Uganda ni mwanachama. Amin naye alilitaka anga, ila kwa shughuli zake. Enzi zake huko Mpoma, Mukono, kilijengwa kituo chenye antena kubwa ya sahani, kwa ajili ya simu za kimataifa na televisheni. Hakikupiga picha ya shamba wala ya mtaro. Lakini lishikwe akilini jina hilo la Mpoma.

Muongo wa 1980 ndio ulioijaza Bwaise. Barabara ya Bombo inapita katikati yake ikielekea Luwero, na vita vya Luwero vya 1981 hadi 1986 viliwang'oa watu wengi makwao. Jijini, kiwanja cha mlimani kilikuwa ghali na cha bondeni kilikuwa rahisi. Mafunjo yalikatwa, kifusi na takataka vikamwagwa juu ya tope, na juu yake zikasimama safu za vyumba vya kupanga ambavyo Kampala nzima huviita mizigo: mlango mmoja, dirisha moja, familia moja.

Miaka hiyohiyo macho ya angani yaliongezeka makali. Landsat za kizazi kipya, tangu 1982, zilikuwa na pikseli za mita 30. Ufaransa ikarusha SPOT mwaka 1986 ikiwa na pikseli za mita 20 kwa picha za rangi. Tatizo likawa bei. Marekani ilikuwa imewakabidhi wafanyabiashara mpango wake, na picha moja ya Landsat ikafika zaidi ya dola 4,000. Mwanafunzi wa Makerere aliyetaka kulinganisha miaka mitatu ya Lubigi angehitaji fedha za kununulia nyumba kadhaa za huko Lubigi. Kazi kubwa ya kwanza ya nchi nzima iliyofanywa na Waganda kwa picha za setilaiti ilianza 1989 katika Idara ya Misitu: uchunguzi wa kitaifa wa miti na kuni, kwa msaada wa Norway, uliotumia picha za SPOT kupima misitu, mashamba, vinamasi na maeneo ya majengo. Lengo lilikuwa kujua kuni na makaa ya nchi yatatoka wapi. Gunia la makaa linalouzwa kando ya barabara ya Bombo, na ukubwa wa mji unaolichoma, viliingia katika hesabu moja.

Halafu kuna mawingu. Wanaosifia setilaiti hulisahau jambo hili, ila anayefanya kazi na safu ya 60 analijua vizuri sana. Juu ya ikweta, kando ya ziwa, picha nyingi ni pamba tupu. Mtafiti hupekua miezi ya ukavu, Januari na Februari au Juni na Julai, akibahatika hupata picha moja safi kwa mwaka, na mwaka mwingine hapati kitu. Mei 31, 2003 kifaa kimoja ndani ya Landsat 7 kiliharibika, na tangu siku hiyo picha zake zikawa na mistari mitupu. Ukichanganya mistari na mawingu, Kampala ya miaka ile imejaa viraka.

Mambo yalibadilika 2008, Marekani ilipoamua kuitoa akiba yote ya Landsat bure kwa yeyote mwenye intaneti. Uamuzi ule wa ofisini, usio na roketi wala hotuba, uliifaa Kampala kuliko urushaji wowote. Miaka michache baadaye kundi la watafiti wa Ubelgiji na wa Makerere lilizipanga picha za 1989, 1995, 2003 na 2010 na kupima eneo lililojengwa la Kampala na viunga vyake: kilomita za mraba 71 mwanzoni, 386 mwishoni. Zaidi ya mara tano, ndani ya miaka 21. Mabati hayanyonyi maji, na zege hainyonyi.

Bwaise iko chini ya hayo yote. Maji ya Makerere, ya Mulago, ya Kyebando na ya mteremko wa Kasubi yanashuka kwenye mfereji wa Nsooba, yanaingia Lubigi, kisha yanaelekea mto Mayanja, Kafu, na hatimaye Nile. Zamani mafunjo yaliyapokea na kuyaachilia polepole. Siku hizi mvua ya alasiri ikimaliza kunyesha Makerere, maji yameshafika Kalerwe, na muda si mrefu yako mlangoni Bwaise. Barabara ya mzunguko wa kaskazini, yenye kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilipopitishwa juu ya tuta ndani ya Lubigi na kukamilika 2009, wakazi walilalamika kwamba mafuriko yameongezeka.

Tarehe 25 Juni 2012 kipimo kilichowekwa Makerere kilisoma milimita 66 za mvua. Mvua hiyo ikawa kielelezo cha kazi iliyofanywa kwa ajili ya UN-Habitat na wataalamu wa chuo cha ITC cha Uholanzi, wakiwemo Richard Sliuzas na Victor Jetten, pamoja na Shuaib Lwasa wa Makerere. Walichukua bonde la juu la Lubigi, kama kilomita za mraba 28, wakatumia picha za setilaiti kuchora mahali palipo paa, udongo mtupu, bustani na lami, kisha wakainyesha mvua ileile ndani ya kompyuta. Waliweza kuuliza maswali ambayo diwani hawezi kuyajaribu kwa tingatinga: mifereji ikipanuliwa itakuwaje? Na vilima vikizidi kujengwa? Jibu lilikuwa kwamba hakuna dawa moja inayotosha, na kwamba mafuriko ya Bwaise yanapikwa kwa sehemu kubwa mlimani, kwa watu ambao hawajawahi kulowa miguu.

Na hili ndilo setilaiti ililofanya vizuri kuliko jambo jingine: iliwaondolea watu wa Bwaise lawama ya kuwa chanzo pekee cha masaibu yao. Kwa miaka mingi lawama hiyo ilitolewa kirahisi. Wamejenga kwenye kinamasi, wametupa taka mtaroni, basi. Picha zilionyesha paa za Mulago na za Makerere nazo.

Ila mlango wa nyumba ya Bwaise unaeleza mengine ambayo hakuna kamera ya angani iliyowahi kuyaona. Kizingiti kimepandishwa kwa saruji, pengine hadi karibu na goti, na mara nyingi saruji ni ya rangi mbili au tatu, maana kiliongezwa kila mafuriko yalipozidi yale ya mwanzo. Ndani, miguu ya kitanda imekaa juu ya matofali. Sare za shule na unga vimepanda juu ya kabati. Choo kiko nje, juu ya ngazi, kama jukwaa, kwa kuwa maji ya ardhini hayafiki mita moja na nusu kwenda chini na shimo haliwezi kuchimbwa likabaki kavu. Vijana wanaozibua mtaro huchota tope jeusi lenye chupa na kaveera, mifuko ya plastiki, na kulirundika ukingoni. Gari la kuzoa lisipofika, mvua inayofuata hulirudisha mtaroni.

Wala kamera haioni umiliki. Paa moja la mabati linaweza kuwa na mwenye mailo anayeishi kwingine, mwenye kibanja aliyenunua haki ya kukaa, mwenye nyumba aliyejenga, na wapangaji wanne waliolipa mwezi huu. Mhandisi anapochora mfereji mpya juu ya picha ya setilaiti anachora juu ya hao wote, na kila mmoja ana karatasi yake, au anasema anayo. Ndiyo maana vikundi vya wakazi wenyewe, kupitia shirika la ACTogether, vimekuwa vikihesabu nyumba za mitaa duni ya Kampala mlango kwa mlango, daftari mkononi. Takwimu zao na picha za angani zinahitajiana, na ni vigumu kusema ipi inahitaji mwenzake zaidi.

Ndoto ya Uganda kuwa na chombo chake ilianza nje ya serikali, na ilianza kwa kuchekwa. Mwaka 2011 waandishi wa habari wa kimataifa walimiminika Ntinda, Kampala, kumwona Chris Nsamba na wenzake wa kujitolea wakiunda ndege, African Skyhawk, uani kwa mama yake, wakisema kwamba safari yao ni ya anga za juu. Ni rahisi kucheka. Lakini aliyesoma habari zile akiwa darasani alipata wazo kwamba jambo hilo linaweza kuzungumzwa Kampala bila aibu.

Serikali iliingia rasmi 2019, wizara ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ilipotia saini makubaliano na Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, chuo cha mji wa Kitakyushu nchini Japani. Chuo hicho kina mpango uitwao BIRDS ambao tangu setilaiti zake za kwanza za 2017, zikiwemo za Ghana na Nigeria, umekuwa ukiwafundisha wahandisi wa nchi zisizo na setilaiti kuitengeneza ya kwanza kwa mikono yao. Waganda watatu walichaguliwa: Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke. Walikwenda Japani katika mwaka wa korona na kukaa wakiunda mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ndani yake kulikuwa na betri, redio, kompyuta na kamera ya kutofautisha mimea, maji na udongo mtupu. Wakauita PearlAfricaSat-1. Pembeni yao Wazimbabwe walikuwa wakiunda ZimSat-1.

Setilaiti ilikabidhiwa shirika la anga la Japani Mei 2022. Novemba 6 roketi ya Antares ilikuwa tayari kwenye kituo cha Wallops, Virginia, ikasimamishwa kwa sababu ya kengele ya moto iliyolia kwenye jengo la waongozaji wa safari. Kesho yake, Jumatatu, ikaondoka. Kampala ilikuwa saa saba na nusu mchana. Hata hivyo bawa moja kati ya mawili ya umemejua la chombo kilichoibeba, Cygnus, lilikataa kufunguka, na mizigo yote ikasafiri kwa bawa moja mpaka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Desemba 2 setilaiti ikaachiliwa kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo, kimo cha kilomita 400 hivi. Ilizunguka dunia kila baada ya dakika 90 na ushei. Kila ilipopita juu ya Uganda, dakika zilizopatikana za kuzungumza nayo hazikuzidi kumi.

Aliyetakiwa kuzungumza nayo alikuwa Mpoma. Kituo cha enzi za Amin, kilichokuwa kimelala miaka mingi, kilikarabatiwa kiwe sikio la Uganda la kupokea kutoka angani.

Kamera ya PearlAfricaSat-1 ilikuwa na pikseli za mita 20 hivi. Turudi kwenye muluka wetu: Bwaise III kwa kamera hiyo ni pikseli 1,400 na zaidi kidogo, na katika kila moja safu nzima ya mizigo inapotea. Wakati huohuo Sentinel-2 za Ulaya zilikuwa zikipita juu ya Kampala kila baada ya siku tano na kutoa bure picha za pikseli za mita 10, yaani pikseli 5,700 za muluka uleule. Kwa mizani ya picha peke yake, kununua kamera hafifu kuliko ya bure hakuna maana. Waliokosoa walisema hivyo, na hawakukosea.

Lakini chombo cha kilo moja na ushei kinachotupwa kutoka kilomita 400 hakikutengenezwa kwa ajili ya picha. Kilitengenezwa ili watu watatu wajue jinsi kinavyotengenezwa, kinavyoshindikana, kinavyopimwa kwa joto na mtikisiko, na jinsi unavyobishana kuhusu masafa ya redio. Setilaiti za namna hii hazina injini ya kujiinua. Hewa nyembamba ya huko juu huzipunguza mwendo mpaka zishuke na kuungua. PearlAfricaSat-1 nayo haipo tena. Kenya, iliyoanza na chombo kidogo cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, ilirusha Taifa-1 Aprili 2023 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya, na Misri, Kenya na Uganda zikaungana katika ClimCam, kamera ya kuangalia tabianchi iliyokusudiwa kufungwa nje ya Kituo cha Kimataifa. Hiyo ni hatua nzuri kuliko kila nchi kurusha mchemraba wake na bendera yake.

Juni 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilianza kubomoa nyumba zilizojengwa ndani ya Lubigi, kilomita chache tu kutoka Bwaise kuelekea barabara ya Hoima. Magodoro na milango ya chuma vilirundikwa kando ya barabara, na waliobomolewa walilalamika kwamba muda waliopewa haukutosha. Anayetaka kujua paa la kwanza liliingia mafunjoni mwaka gani ana pa kutazama: afungue akiba ya Landsat, njia ya 171, safu ya 60, achague kwa kila mwaka picha isiyo na mawingu, pale inapopatikana, azipange kwa mfululizo. Ataona bustani za magimbi zikitangulia, kisha kifusi, kisha mabati, hatua kwa hatua. Tingatinga zilipofika, picha hizo zilikuwa zimeshakaa miaka kumi na sita mtandaoni, bila malipo.